Orodha Niliyoipeleka Kolwezi

Mmeniuliza wengi, mmoja mmoja na kwa makundi, baada ya misa na hata pale bombani kwenye foleni ya maji, nami nimewajibu nusu. Nimesema Placide amepelekwa Lubumbashi, nikanyamaza, nanyi kwa adabu mkadhani ni huzuni. Ni huzuni kweli. Lakini kuna nusu nyingine ambayo siwezi kuisema kwa mdomo mbele ya kwaya nzima. Mimi ni mwalimu, kuandika kunanijia kwa urahisi kuliko kuongea. Mtakapofika mwisho mtaona kwamba huo ndio ugonjwa wangu.

Karatasi hizi zikimfikia mtu asiyetujua, na ajue hivi. Sisi ni waimbaji wa kanisa dogo la Mtakatifu Andrea, Kamina. Mwaka wa jubilei ya kanisa, Tata Ngoy, fundi mstaafu wa karakana ya reli, alitutengenezea misalaba midogo ya shaba ya kuvaa shingoni. Aliipa umbo la X, kwa sababu inasemekana Andrea alisulubiwa juu ya mti wa namna hiyo, na pia kwa sababu ndilo umbo la ile misalaba ya shaba ambayo wazee wetu walilipia mahari kabla ya pesa za karatasi kuja. Padri aliibariki yote kwa pamoja ndani ya beseni. Mimi, kama mwandishi wa kwaya, niliandika kwenye daftari majina ya waliopewa. Placide, mdogo wangu wa mwisho, alipewa wake, na mwaka uliofuata akaondoka nao kwenda Kolwezi kuchimba.

Umbo hilohilo lilikuwa kwenye bendera ya Katanga wakati ule ilipojitenga, wazazi wetu wakiwa watoto. Hilo nalijua. Nafundisha historia darasa la sita. Lakini pale kanisani ni nani kati yetu aliyekumbuka bendera? Tulikuwa tunafikiria sare, soprano, na kama mchele wa sikukuu utatosha.

Mezani kwangu, kabla ya safari

Mnakumbuka ile Jumapili. Eritie, rafiki wa Placide anayechimba naye, alinipigia simu. Alisema kuna watu wamechora maneno ya kujitenga kwenye ukuta wa ofisi fulani huko Kolwezi, na askari wamewakusanya vijana wanaovaa ile X ya shaba. Vijana kumi na wawili, Placide akiwa mmoja wao.

"Yaya, usikuje," aliniambia, akiniita dada mkubwa kama Placide anavyoniita. "Batabaachia. Tunangojea tu."

Simu ikakatika, na baada ya hapo haikupatikana tena. Kungoja! Tangu lini mimi nikangoja? Mimi ndiye ninayegonga kengele ya shule kabla saa haijafika. Jioni ileile niliwaita nyote nyumbani, nikasema kinachotakiwa ni ushahidi. Wakiona kwamba ule ni msalaba wa kanisa, uliobarikiwa, watamwachia mara moja na kuomba msamaha.

Nanyi mlikubali. Padri akaandika barua. Mimi nikanakili orodha kwa mwandiko wangu mzuri, majina thelathini na moja mbali na la Placide, na kila mmoja akatia sahihi mbele ya jina lake. Mama Beya, wewe wako ulikuwa umeupoteza mtoni, lakini ulisema utatia sahihi hivyohivyo ili Placide asione umemtupa. Wawili hawakuwa wamewahi kupewa hata mmoja, wakaomba waongezwe, nao wamo katika hayo thelathini na moja. Kisha nikatoa ukutani picha ya jubilei na fremu yake ndogo, ile tuliyosimama kwa safu tatu, misalaba yote ikiwa nje ya nguo, inang'aa. Nilivifunga vyote ndani ya mfuko wa plastiki nikaviweka chini ya blauzi. Nilijiona nina akili sana.

Kamina hadi Bukama

Treni ya Jumatatu ilikuja Jumanne. Nilipata nafasi karibu na dirisha, jirani na mama mmoja mnene wa Tenke aliyekuwa anarudi kutoka kumzika shemeji yake. Aliitwa Mama Ilunga. Kitenge chake kilikuwa na Bikira Maria mbele, na nyuma kilikuwa na uso wa mheshimiwa mmoja aliyegombea ubunge, umezungukwa na nyota kama za Bikira mwenyewe.

Nilimwuliza, kwa ile sauti yangu ya darasani, kama haoni aibu.

"Aibu ya nini?" alisema, akigusa kile kitambaa alichokalia. "Alitupatia kilamba bure, ba mama bote ba parokia. Mi nikiikala, naikala juu yake. Maria anabakia mbele. Kila mutu na nafasi yake."

Behewa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilimweleza kwamba vitu vitakatifu havichanganywi na kampeni, akanisikiliza kwa upole huku akifungua kifurushi cha mihogo ya kuchemsha, akanigawia nusu.

Kijana mmoja alikuwa anapita kati ya viti akiuza rozari za plastiki. Alikuwa nazo za kila rangi, nyingine nyeusi na nyeupe kwa ajili ya wapenzi wa mpira, nyingine zinawaka gizani. Nilimwuliza kama zimebarikiwa. Alinitazama kama niliyeuliza kama zinaliwa. "Mama, ni mode," akasema, yaani ni mtindo tu, akaendelea na njia yake.

Bukama tulisimama saa nyingi. Wanawake walileta samaki wa moshi hadi madirishani, nami nilinunua wawili wakubwa nikawaza kwamba Placide atawala siku atakayotoka.

Bukama hadi Tenke

Kabla ya Luena kichwa cha treni kiliharibika. Tulikaa porini Jumatano mchana kutwa. Watu walishuka, wakawasha moto kando ya reli, wakasonga bukari kana kwamba walikuwa wamepanga kupika papo hapo. Mama Ilunga alitandika kitenge cha pili, akaniita.

"Mwalimu, tuliya. Treni ikishakufa, imekufa. Tukule kwanza."

Sikuweza kutulia. Nilitembea hadi mbele nikamkuta mtu wa treni amelala kivulini. Nilimwamsha. Nilimwambia kuna kijana amefungwa bure Kolwezi na yeye anasinzia. Aliniambia kipuri kinatoka Luena kwa baiskeli. Nikamjibu kwamba basi baiskeli iongeze mwendo, na nikamsimamia mpaka akaona haya, akapiga simu. Sijui kama ni kwa sababu yangu, lakini kipuri kilifika kabla ya jua kutua na abiria wakanishangilia. Nilirudi kwenye kiti changu nimevimba kwa fahari.

Nawaeleza habari hii ya kichwa cha treni si kwa kuchekesha. Nataka mjue kwamba nilipigania kila saa ya safari ile.

Alhamisi nzima tulitambaa. Lubudi tulipewa maji ya bomba yaliyokuwa na ladha ya saruji. Kijana wa rozari alikuwa ameziuza zote, na sasa nusu ya behewa ilikuwa imevaa misalaba: mwanajeshi mmoja, wachuuzi wawili wa mafuta ya mawese, na msichana aliyeuning'iniza msalaba wake kwenye simu. Hakuna aliyesali. Niliongoza rozari peke yangu, kwa sauti, na Mama Ilunga akaniitikia mpaka usingizi ulipomshinda.

Tenke

Tulifika Tenke Alhamisi jioni. Treni ya kwenda Kolwezi, kwenye ile njia nyingine ya reli, ilikuwa haijulikani. Wengine walisema Jumamosi, wengine walisema ilishapita, na mmoja alisema ameacha kuiamini kabisa.

Mama Ilunga alinichukua kwake. Alinipa maji ya kuoga ya moto, sombe ya majani ya mihogo na munkoyo baridi kwenye kikombe cha bati, akanitandikia kitanda cha binti yake. Asubuhi alinisihi nibaki. Mpwa wake alikuwa na lori, angekwenda Kolwezi Jumapili baada ya ibada, ningekaa mbele pamoja naye, ningefika Jumatatu asubuhi nimepumzika.

"Siku mbili tu, Mwalimu. Macho yako yamekuwa mekundu."

Nilikuwa nimekula chakula chake, nimelala kwenye shuka zake, na nilimjibu kwa ukali kwamba mdogo wangu hajalala kwenye shuka. Kisha akanisindikiza hadi barabarani mwenyewe, mfuko wangu kichwani mwake, Maria mbele na mheshimiwa nyuma. Sijapata kumwomba radhi.

Barabara ya Kolwezi

Lori lililonichukua lilikuwa limebeba makaa, nami nilikaa juu ya magunia pamoja na wengine saba. Barabara yote ni malori, yale marefu yanayobeba shaba kwenda nje, na yanapopita vumbi linafunika hata jua. Kwenye kizuizi kimoja askari alitushusha akapekua mifuko. Alitoa samaki wangu, akawanusa, akachukua mmoja. Mfuko wa plastiki uliokuwa chini ya blauzi hakuugusa kwa sababu mimi ni mama mtu mzima na yeye alikuwa na heshima. Nilimshukuru Mungu. Mpaka leo nawaza kwamba angekuwa mhuni kidogo tu, akaninyang'anya mfuko ule, mdogo wangu angekuwa hapa.

Kolwezi niliingia Ijumaa jioni, nywele zimejaa masizi ya makaa. Nilioga kwenye nyumba ya masista wanaopokea wageni, nikalala kama jiwe.

Mashamba

Jumamosi alfajiri nilichukua pikipiki kwenda upande wa machimbo ya Mashamba kumtafuta Eritie. Sikuwahi kuona mashimo ya namna ile. Ardhi imeshuka ngazi kwa ngazi mpaka magari yaliyo chini yanaonekana kama viatu vya mtoto, na kandokando, kwenye vifusi, vijana wa kila pembe ya Kongo wanachimba kwa chuma na mikono. Karibu wote walikuwa na rozari. Rozari juu ya jezi, rozari mbili mbili, misalaba ya chuma mikubwa kama vijiko. Ile X ya shaba tu ndiyo sikuiona kwenye shingo yoyote.

Msichana mmoja alikuwa anapika maandazi na chai chini ya turubai. Alijiita Nadine. Alivaa rozari tatu na herini za msalaba zilizofika mabegani. Alimjua Eritie vizuri.

"Ameshashuka mu shimo. Atapanda saa ya kumi. Ungojee hapa, mama, ukunywe chai."

Saa kumi! Masista walikuwa wameniambia ofisi walikofungiwa vijana inafungwa adhuhuri. Nilikunywa chai kwa haraka, na kwa kuwa siwezi kukaa mahali bila kufundisha, nilimwuliza zile rozari tatu anazisali lini.

"Mi nasali," alisema bila kukasirika. "Mais si na hizi. Hizi ni za kupendeza."

"Kitu kitakatifu hakivaliwi kwa kupendeza. Kina maana yake."

Aligeuza maandazi, akaniangalia. "Mama, hapa Kolwezi, ukivaa kwa kupendeza, hakuna mwenye anakusumbua. Ukivaa na maana, njo wanakuuliza: maana gani? Nani alikupatia? Muko wangapi?" Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ungojee tu Eritie. Usiende kule peke yako."

Msichana wa maandazi alinieleza kila kitu, wapendwa, kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeelewa. Nami nilimpa mahubiri mafupi juu ya ubatizo, nikapanda pikipiki.

Ofisini

Ofisi sitaitaja. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, na mkononi alikuwa na rozari ya mbao, ya zamani, shanga zimelainika kwa vidole. Yule alikuwa anasali kweli. Nilipoiona moyo wangu ulitua, nikasema nimefika kwa mtu wangu.

"Mama, karibu. Ikala. Unatoka mbali?"

"Kamina."

"Na treni? Pole sana."

Sikumpa nafasi ya kusema lingine. Nilisimama, nikatoa mfuko, nikatandaza mezani barua, orodha na picha, nikaeleza kama ninavyoeleza somo. Kwamba ule msalaba si wa siasa. Kwamba Placide hakuuokota njiani, alipewa. Kwamba tuko wengi tunaouvaa, watu wazima wenye akili zetu, na tumetia sahihi.

Alisoma polepole. Alisoma majina yote. Kisha akaanza kuuliza, kwa adabu ileile.

"Mwenye alitengeneza ni nani?"

"Tata Ngoy. Huyu hapa, safu ya kwanza."

"Shaba ilitoka wapi?"

"Nyaya kuukuu alizokuwa nazo."

"Munakutana mara ngapi?"

"Mara mbili kwa wiki. Jumatano na Jumamosi. Hatukosi."

"Muko na kiongozi?"

"Tunaye mwenyekiti, mweka hazina, na mwandishi. Mwandishi ni mimi."

"Na kila mutu anaapa kitu, siku ya kupokea?"

"Tunatoa ahadi mbele ya altare," nilisema, na nilinyoosha mgongo nilipokuwa nasema.

Alimwita mwenzake. Huyo mwenzake alipiga picha kwa simu, kwanza orodha, kisha picha ya jubilei, safu kwa safu, akiisogelea ili sura zionekane. Nilimsaidia. Nuru ya dirisha ilikuwa inarudi kwenye kioo cha fremu, nikaishika nikaiinamisha kidogo.

Ndipo afisa aliponieleza. Vijana wote kumi na wawili walikuwa wamesema jambo moja, kwamba ile X ni mode. Kwamba waliinunua sokoni, ambako zinauzwa tele kwa kamba ya ngozi, kwa sababu mwanamuziki fulani aliivaa. Hata Placide alisema hivyo.

"Tuliona ni batoto tu. Tulikuwa tunamaliza dosie. Jumatatu wangetoka bote." Alinyoosha orodha yangu kwa kiganja, kama mtu anayelainisha kitambaa cha meza. "Kumbe huyu wa kwako alitudanganya. Hakununua. Alipewa. Na nyuma yake kuko watu makumi tatu na moja, na muzee anayefua shaba, na chama, na ahadi. Merci sana, Mwalimu. Umetuletea kitu tulikuwa tunakosa."

Nilianza kusema kwamba ni kwaya. Nilisema neno kwaya labda mara kumi. Niliimba hata, mbele yao, mstari mzima wa wimbo wetu wa mwanzo. Afisa alisubiri nimalize. Niliomba basi anirudishie karatasi zangu.

"Haiwezekane tena, mama. Imeingia mu dosie," alisema, akizifungia ndani ya jalada.

Alikuwa na huruma, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu hata siwezi kumchukia vizuri. Aliagiza Placide aletwe nimwone dakika chache.

Aliletwa bila viatu, akishika suruali kwa sababu mkanda walikuwa wameuchukua. Alikuwa amekonda. Alicheka kwanza, kile kicheko chake cha utotoni.

"Yaya! Umekuja kufanya nini huku?"

Kisha akaona meza. Akaiona picha. Kicheko kikamtoka usoni, nami nilikitazama kinavyomtoka.

"Ile foto," alisema. "Umeileta ile foto?"

"Nilitaka wajue ukweli, Placide."

"Nilishabaambia nilinunua ku soko." Hakupaza sauti. "Yaya, ilikuwa inabakia Jumatatu. Siku mbili."

Nilimpa samaki aliyebaki, akampokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa na mama. Walipomgeuza aondoke alisema nyuma ya bega, "Usibaambie ba kwaya vile ilipita. Batakuchukia."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na kwa kuandika haya namkosea hata hapo.

Jumatatu

Jumapili alfajiri walimpeleka Lubumbashi. Sikuambiwa. Niliambiwa Jumatatu, nilipokwenda pale langoni kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda.

Mama zao walikuwepo, na Eritie alikuwepo. Lango lilifunguliwa karibu saa nne, wakatoka vijana kumi na mmoja. Walikumbatiwa. Mmoja wao, shingo tupu, alivuka barabara akanunua rozari nyekundu kwa mchuuzi, akaivaa akajitazama kwenye kioo cha pikipiki. Nilimhesabu kila mmoja, kisha nikarudia kuhesabu tangu mwanzo, kama ninavyofanya watoto wakirudi kutoka matembezi.

Eritie alikaa karibu nami ukutani. Nilimweleza yote. Alikuwa na haki ya kunitukana mbele za watu, na nadhani ingenisaidia. Alisema tu, "Mi nilikuambia usikuje, Yaya," na baadaye kidogo, "Twende ukule kitu." Alinipeleka mahali wanapouza bukari na samaki, akanitazama nikimchambua samaki bila kumla.

Lubumbashi, na treni ya kurudi

Nilichukua basi kwenda Lubumbashi. Huko nilikaa siku tisa kwa binamu wa marehemu mume wangu, na kila asubuhi nilisimama mbele ya dirisha moja la chuma. Siku ya kwanza jina lake halikuwepo. Siku ya tatu lilikuwepo, lakini hakuna mtu anayeruhusiwa kumwona. Siku ya tano dirisha halikufunguliwa. Siku ya tisa karani alipokea mkanda, viatu na sabuni nilivyomletea, akasema nitaarifiwa. Nilimwuliza nitaarifiwa vipi, kwa maana hawana namba yangu. Alifungua jalada akanionyesha. Anwani yangu ilikuwepo. Niliiandika mwenyewe juu ya orodha, kwa herufi kubwa, chini ya neno Mwandishi.

Treni ya kurudi haikuharibika popote. Tulipita Tenke mchana, nikajificha nyuma ya pazia la dirisha ili Mama Ilunga asinione kama alikuwepo.

Nyumbani

Nanyi mkaja kunipokea stesheni. Safu tatu, mnaimba, misalaba yote mmeitoa nje ya nguo kwa heshima ya Placide. Nililia pale kwenye behewa nikashindwa kushuka, Mama Beya ukapanda kunishika mkono, ukaniambia nisihofu, Mungu anaona. Siku hiyo nilipaswa kusema. Badala yake nilikula kuku wenu.

Padri nimemwambia jana. Alisema yeye hatauvua wake, na kwamba hawezi kumwamuru mtu mwingine avue wala avae. Naheshimu. Lakini yeye hana watoto. Mimi nawaambia, ninyi mlio na watoto, vueni. Najua haitasaidia sana. Sura zenu wanazo, na sahihi zenu, na siku za mazoezi. Wakija, semeni mliinunua sokoni. Semeni ni mode. Semeni mimi ndiye niliyewalazimisha, na mtakuwa hamkusema uongo.

Sijui kama mtanisamehe. Siwaombi leo. Usiku silali, na mchana nafundisha, na watoto wanapoandika majina yao juu ya madaftari nageukia ubao.

Leo asubuhi Tata Ngoy, ambaye bado hajui chochote, alikuja kwangu na kitambaa kilichofungwa. Alikifungua mezani. Misalaba kumi na minne mipya, midogo kuliko yetu, ameipiga msasa mpaka inawaka, kwa ajili ya watoto wa komunyo ya kwanza. Alivuta kiti, akasafisha miwani yake, akasema yuko tayari kunitajia majina ili niyaandike.

Nilikwenda chumbani kuchukua kalamu. Sijatoka bado. Namsikia huko nje anakohoa, ananingoja.